Habari za Maisha ya Dada Yetu "Iko Wapi", Mtunza Kanzidata wa Kiwanda cha Mikate

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, wa tatu kati ya watoto wanne, na familia imenituma niwasomee habari za maisha ya Dada yetu. Mwongozaji wa shughuli ameniomba nisome polepole, jambo ambalo sijawahi kuliweza, na leo ndiyo kabisa, maana kila nikiinua macho yanakimbilia getini, ambako kuna mtu amesimama na hajaingia, kwa hiyo nikiruka mstari mniwie radhi.

Dada alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, chumba cha pili kutoka bombani, mtoto wa kwanza wa baba yetu mtunza stoo na mama yetu mshonaji, akafuata Kaka, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mnamwona hapa mbele amekunja mikono, nikafuata mimi, na kitinda mimba wetu ni dereva wa malori. Baba alikuwa na msemo wake, mali bila daftari hupotea bila habari, aliotunywesha kila asubuhi pamoja na chai, sisi watatu ukaingia sikio hili ukatokea lile, Dada ukamkaa, hata kabla hajaanza shule alijua sufuria gani imeazimwa na nani, na majirani wakimwona anakuja walikuwa wanafunga milango.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1975 na kuhitimu mwaka 1981, akasoma sekondari ya wasichana hadi 1985, na huko alikabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu, akanyang'anywa, akarudishiwa, kwa sababu alikuwa anawafuata walimu mpaka majumbani kudai kamusi. Mwaka 1988 alimaliza masomo ya utunzaji wa stoo katika chuo cha biashara, na tarehe 1 Februari 1989 akaajiriwa kuwa karani katika kiwanda cha mikate, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipokataa.

Ndoa yake nayo ilitokana na kitu kupotea, maana mwaka 1993 ngazi ya stoo haikuonekana, Dada akazunguka kiwanda kizima akiuliza iko wapi, akamkuta fundi umeme kijana amekaa juu yake anakula mkate wa moto, akamwambia ashuke, naye shemeji yetu, anavyosimulia mwenyewe, alishuka na hakupanda tena. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Julai 1994, wakajaliwa binti mmoja tarehe 3 Mei 1997, ambaye leo ni mkunga, na ambaye alikulia katika nyumba ambayo kila kiti kilikuwa na kibandiko chenye namba, pamoja na paka.

Sasa niseme juu ya kazi yake, kwa sababu wengi wenu mlimwona anatembeatembea tu na mkaamini ndiyo kazi. Mwaka 2006, kiwanda kilipokuwa na matawi tisa, alikabidhiwa kuanzisha kanzidata, yaani orodha moja kubwa ndani ya kompyuta inayosema kampuni ina kitu gani, kiko wapi, anayekitunza ni nani, na, hili ndilo alilolipigania mpaka sauti ikakauka, kitu gani kinaegemea kitu gani. Kabla ya hapo wahasibu walikuwa na orodha yao, wasafirishaji yao, mafundi ya kwao wameiweka kichwani, na hazikukubaliana hata juu ya idadi ya oveni, ambazo si vitu vya kufichwa mfukoni. Dada akazunguka matawi yote, akabandika mizani, printa na malori, akimaliza tawi la mwisho anaambiwa la kwanza wamehamisha vitu, anarudi, hakai, chai inapoa, na wafanyakazi wakampa jina la Iko Wapi, kwa kuwa hakuwa na salamu nyingine.

Ijumaa moja ya mwaka 2011 vijana wa kompyuta walisafisha chumba cha chini ya ngazi, wakakuta kompyuta kuukuu imejaa unga, wakatazama kwenye kanzidata, haimo, wakauliza idara tatu, kila idara ikasema si yetu, basi wakaizima, na kwa maelezo waliyokuwa nayo walikuwa na haki. Kumbe oda zote za matawi zilikuwa zinapita humo kwenda kwa waokaji, na kesho yake tawi moja likaletewa mikate ya matawi manne, na manne yakapelekewa lori tupu na dereva wa kuomba radhi. Dada hakulala raha wiki nzima, si kwa sababu alilaumiwa, bali kwa sababu alikuwa amepita mlango ule mara nyingi na hakuufungua, akabandika juu yake karatasi yenye maneno ambayo baadaye yalipelekwa kila tawi, "Kikizimwa hiki, nani atalia?"

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotakiwa kusoma kwamba familia yetu ilibaki na umoja baada ya msiba wa baba, hivyo ndivyo tulivyoandikiwa na kamati, nami sitasoma. Baba alifariki tarehe 9 Agosti 2015, Dada yuko naye wodini, Kaka akapewa kazi ya kuwajulisha ndugu, akampelekea mdogo wetu ujumbe kwa namba ambayo mdogo wetu alikuwa ameshaiacha, tukazika, na mdogo wetu akafika siku iliyofuata, hana habari, na mkate wa baba mkononi, akamkuta baba ameshafukiwa. Kaka akamwambia mbele ya watu kwamba mtoto wa namna hiyo hana baba, mdogo wetu akaweka mkate mezani, akaondoka.

Dada alifuatilia jambo lile kama anavyofuatilia mizani iliyopotea, akagundua kwamba mdogo wetu aliwahi kumpa yeye namba mpya, yeye akadhani Kaka anayo, Kaka akadhani hakuna mpya, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenzake. Akawaendea wote wawili na ukweli huo, Kaka akasema mdogo wake angempigia mwenyewe, mdogo wetu akasema Kaka ndiye angemtafuta, na wote wawili ni vichwa vya nazi, nasema hivyo mbele yenu na mbele ya Dada. Nanyi majirani mkatuambia ndugu wakigombana shika jembe ukalime, mkalima miaka minane. Tangu hapo kila Jumapili Dada alitupigia simu mmoja mmoja, unaishi wapi sasa, namba ni ile ile, nini kimeharibika, nani anaumwa, tukamkasirikia kwamba anatufanya printa za kiwanda, kumbe salamu zote za Kaka kwenda kwa mdogo wake, na za mdogo wake kwenda kwa Kaka, zilikuwa zinapita kwake, hata mtoto wa Kaka alipovunjika mguu, mdogo wetu, yule yule anayemlaumu, alikuwa ndiye wa kwanza kutuma matunda, akimwambia Dada asitaje.

Mwezi wa Oktoba 2021 Dada aligunduliwa kuwa moyo wake umepanuka, akalazwa mara nne, na kila mara alimuuliza muuguzi pampu ya dripu iliyoko kitandani ni ya wodi gani na imeandikwa wapi. Jumanne iliyopita nilikuwa nimekaa naye, anahangaika na shuka, anataka kushuka, nikamwambia Dada tulia, hakuna kilichopotea, akanishika mkono akaniambia, "Mimi ndiyo ile kompyuta ya chini ya ngazi. Hawa wawili wanapitia kwangu tu. Nikizima hawajuani." Nikamwambia asiseme hivyo, akasema yeye hasemi, anatoa taarifa. Alifariki Alhamisi alfajiri, mume wake na binti yake wakiwa kando, na nilipokwenda kumwambia Kaka ampigie mdogo wetu, Kaka, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia na kusema hana namba.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia na maswali yake, nawashukuru majirani kwa maji, viti na mikono yenu, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwanda, hasa vijana wa kompyuta walioizima ile mashine na ambao yeye mwenyewe aliwatetea wasifukuzwe, nimeambiwa leo mmesimamisha oveni kwa heshima yake, na natumaini mmeuliza kwanza nani atalia.

Karatasi yangu imeisha, lakini sikai. Jeneza lina mishikio sita, minne ina watu, miwili ya mbele Dada alisema ni ya nani. Mdogo wangu, wewe uliyesimama getini kwa viatu vya kazini, mimi ndiye niliyekupigia, lakini mimi siko tayari kuwa kompyuta ya mtu, sina moyo wa Dada, na hata wake umeshindwa. Ingia ndani. Kaka, kunjua mikono, toa simu, mwambie namba yako kwa mdomo wako, naye akwambie yake, sisi tutasubiri, hatubebi mpaka niisikie ikilia.

Imelia. Mmeisikia, imelia mkononi mwa Kaka.

Haya Dada, wote wanne tupo hapa ulipotuacha. Sasa lala, pumzika kwa amani, usinyanyuke kwenda kuangalia, tumeshaangalia.