Kiti cha Nyuma

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho ndani ya basi, lakini masikio yake hayakulala. Mbele yake, dereva mstaafu na mwalimu mmoja wa kike, waliokutana humo humo, walibishania gari la dizeli alilotaka kununua mwalimu, gari kuukuu la kusafiria barabara kuu.

"Ulikuta injini ikiwa ya moto?" mzee aliuliza. "Ya moto. Muuzaji alishaiwasha." "Basi kakuficha kitu, mwanangu. Injini mbovu ya dizeli hujulikana ikiwa baridi. Rudi alfajiri, uguse boneti kwanza kama ni baridi." "Mbona barabarani lilitulia kama kitanda?" "Ulikaa wapi?" "Mbele." "Na wa kusafiri ni nani?" "Mama, nyuma. Mgongo wake hauwezi tena mabasi." "Kumbe umejaribu mgongo wako!"

Fundi cherehani alijibana asicheke. Yeye hakuwahi kumkatia mama gauni kwa vipimo vya binti wa mama huyo.

Mwalimu akapunguza sauti. "Baba alikuwa na la dizeli. Akifika nyumbani hazimi injini upesi, anaiacha ingurume. Sisi watoto tunaficha karata, tunafungua madaftari. Tangu afariki, mama hajausikia mngurumo ule mlangoni." "Kwa hiyo la petroli hulitaki." "Silitaki."

"Basi mpeleke mama mwenyewe, akae nyuma, asikilize." "Na akilipenda likiwa bovu?"

Basi likasimama. Mzee alishuka na mkongojo wake. Injini ya basi iliendelea kunguruma. Fundi cherehani alifumbua macho. Mwalimu alikuwa amefumba yake, akisikiliza.