Twaiba na Mchanga Mweupe wa Jaa la Munje

Wasikilizaji wapendwa, assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo huko mliko. Hapa ni mimi, Muhsina Jaafar. Kama una sufuria jikoni, punguza moto. Kama umo ndani ya tuktuk pale Ukunda, mwambie dereva aongeze sauti, na yeye mwenyewe atege sikio. Leo tunamkumbuka Twaiba Mbwana wa Munje. Twaiba Mbwana, mchimbaji wa mambo ya kale, aliyeuawa kwa mapanga mwezi uliopita, asubuhi ya Jumatano, akiwa amepiga magoti kazini. Habari hii sitaifunika kawa. Ina damu. Mwenye mtoto mdogo karibu, ampeleke uani kwanza.

Twaiba alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mbeyu. Nilikwenda Munje kumpa mkono wa pole, nikakaa naye mkekani. Nikamuuliza, alikuwa mtoto wa namna gani? Bi Mbeyu akacheka, na machozi yanamtoka. Akasema, "Mkaidi, mwanangu. Nikimtuma jaani akatupe majivu, harudi. Nikimfuata namkuta anachakura kama kuku, anapanga vigae vya vyungu. Nikamchapa. Hakuacha."

Hakuacha kweli. Alisoma Msambweni, akaenda chuo kikuu Nairobi, akarudi na digrii mbili. Na akarudi kufanya nini? Kuchakura jaa. Watu wa Munje hawakumwacha. Walimtania kila apitapo: "Msichana kasoma mpaka macho yanataka kumtoka, karudi kwenye taka!" Naye hujibu hapo hapo, kwani ulimi alijaliwa. Alikuwa akisema, "Sebuleni mtu hukuonyesha anachotaka ukione. Jaani hutupa vyote. Mimi nataka kuwajua watu, nikatafute wapi?"

Jaa lenyewe liko karibu na pwani pale Munje. Ukilitazama ni kilima kidogo cha nyasi, mbuzi wanakula juu yake. Chini ya nyasi ni makombe ya pwani, mifupa ya samaki, majivu na vigae. Ni taka za watu walioishi hapo zamani za kale, kabla ya msikiti wa kwanza, kabla ya yeyote kuandika lolote. Twaiba alilichimba na mwenzake waliyesoma pamoja, Kenga, kijana wa Kinango. Hawakuchimba kwa jembe. Walichimba kwa mwiko wa mwashi na brashi, tabaka baada ya tabaka, na kila udongo ulipita kwenye chekecheke. Twaiba alikuwa akilisoma jaa lile kama wewe unavyousoma uso wa mumeo. Hapa mifupa ya samaki wakubwa: mwaka wa shibe. Hapa makombe madogo madogo na mifupa ya panya: mwaka wa njaa.

Halafu wakafika kwenye tabaka jeusi. Majivu matupu, na udongo wa kuta umeiva kwa moto. Kijiji kilichomwa. Na chini ya majivu, wasikilizaji wapendwa, kulikuwa na watu.

Kulikuwa na mwanamume, ncha ya mshale imenasa katika uti wa mgongo. Kulikuwa na mwanamke, fuvu limetobolewa kisogoni, na mtoto amejikunja chini yake. Mfupa wa mkono wa mwanamke yule ulikuwa umevunjika hapa, kati ya kiwiko na kifundo. Kenga alinieleza kwa nini mfupa huvunjika mahali hapo. Mtu akiletewa rungu usoni, huinua mkono. Basi. Alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe, nami nikatazama pembeni.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya baraza, chifu alimuuliza Twaiba mbele ya watu, wale waliomo humo ni nani na wamefikaje jaani? Twaiba akajibu kama alivyoona hadi siku ile. Akasema waliuawa, kisha inaelekea walitupwa mle pamoja na taka.

Walitupwa na taka! Msikilizaji wa bara huenda hajui uzito wa jambo hili kwetu. Kwetu hata kucha hazitupwi jaani. Nywele za mtoto za arubaini huzikwa. Mimba ikiharibika, huviringishwa kitambaa ikazikwa. Na huyu msomi anasimama kusema kwamba walioishi hapa kabla yetu waliwatupa watu wao kama maganda ya muhogo. Baraza likavunjika kwa zogo.

Na palikuwa na mtu aliyelifurahia zogo lile. Jina lake litatajwa mahakamani, si hapa. Mtu huyo alikitaka kile kiwanja ajenge nyumba za wageni, na alikuwa amezuiwa kukigusa mpaka Twaiba amalize kazi. Akalichukua neno la Twaiba, akalitia chumvi na pilipili. Lilipofika Diani, lilikuwa limekwisha kuwa hivi: Twaiba wa Mbeyu anasema mababu zenu walikula watu, wakatupa mifupa. Nakuapia, niliwasikia watu wazima, wenye ndevu, wakilirudia kwenye kituo cha tuktuk.

Mmoja aliyelisikia kituoni pale ni Swabir. Swabir ni dereva wa tuktuk, mtoto wa Esha, na Esha ni mdogo wake Bi Mbeyu. Nyumba za mama zao zinatazamana. Kwetu huyo haitwi binamu, ni ndugu. Twaiba ndiye aliyemfundisha kusoma. Mtu yule wa kiwanja alimwahidi Swabir kazi ya kuwa mkubwa wa walinzi, ikiwa tu jaa litaondoka. Swabir akamwambia Twaiba, "Dada, unatuaibisha. Acha." Twaiba akamjibu, "Nikiacha sasa, aibu ndiyo itabaki."

Kwa maana neno lake lilikuwa linamkera mwenyewe. Kenga aliniambia kwamba Twaiba hakulala vizuri tangu baraza lile. Kila siku alirudi kwa yule mwanamke na mtoto. Na siku moja ya Jumatatu, akiondoa majivu juu ya kifua cha mwanamke yule, brashi yake ikafichua mchanga mweupe. Mchanga safi wa pwani, katikati ya weusi ule. Umerundikwa kichungu kidogo. Pembeni yake kichungu kingine. Kisha kingine. Vikamzunguka yule mwanamke, na mwanamume wa mshale navyo vipo juu yake. Twaiba akavitazama. Akanyoosha mkono wake, akaukunja kama mtu anayeteka maji, akauweka juu ya kimoja bila kukigusa. Kilimtosha kiganja.

Takataka haiji na mchanga safi, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliuleta. Watu waliuleta, kwa viganja, kutoka pwani, na kijiji chao kinaungua. Kisha wakafukia juu na taka, upesi upesi, ili walioua wasirudi kuwafukua, na fisi wasiwapate.

Lakini Twaiba hakuwa na hakika. Alijua mifupa, alijua vigae, ila jambo moja hakulijua. Sisi wanawake wa pwani jeneza hatulifuati. Tunabaki nyumbani na kilio chetu. Twaiba alikuwa ameona mifupa ya wafu wengi kuliko sisi sote, na hajawahi kusimama kwenye mazishi hata siku moja. Akamuuliza mamake, wanaume hufanya nini kule kaburini? Bi Mbeyu akamwambia, "Mimi nitajuaje? Muulize nduguyo. Yeye ndiye hushuka mwanandani kupokea maiti."

Basi akampigia simu Swabir. Jumanne, adhuhuri, Kenga akiwa hapo karibu. Akamuuliza, "Mdogo wangu, mkishamlaza maiti, watu waliosimama hufanya nini?" Swabir akajibu, "Kila mtu hutia mchanga kwa mikono. Mara tatu. Kwa nini wauliza?" Twaiba akacheka kwa furaha. Akamwambia, "Utajua Ijumaa. Nitawaambia wote baada ya swala."

Hakusema zaidi. Mara ya kwanza alisema mapema, akaungua. Safari hii alitaka kuhakikisha kwanza. Na kule upande wa pili, Swabir alisikia kicheko tu. Amemwambia mamake rumande: "Nilidhani sasa anataka kuyacheka na maziko yetu."

Jumatano asubuhi tingatinga lilikuja Munje. Mbele yake walitangulia vijana na mapanga na marungu. Kenga alisimama njiani, akapigwa rungu la mkono, akaanguka. Twaiba alikuwa shimoni. Hakutoka. Alipiga kelele, "Msikanyage! Msikanyage, kuna watu!" Kisha akamwona aliye mbele, akamwita kwa jina. "Swabir, ngoja nikuonyeshe." Akainamia ule mchanga, amwonyeshe.

Panga la kwanza lilikuwa la Swabir. Mwenyewe amekiri mbele ya hakimu. La pili Twaiba aliliinulia mkono. Wengine wakamalizia kwa mawe. Tingatinga halikufika, kwa sababu dereva wake, kuona vile, alizima akakimbia. Twaiba alifia njiani kwenda hospitali, kichwa chake juu ya mapaja ya Kenga. Na daktari alipomfunua, mfupa wa mkono wake ulikuwa umevunjika kati ya kiwiko na kifundo. Nina hasira, wasikilizaji. Nimekwisha kuisema habari hii mara nyingi, na hasira haijapoa.

Alizikwa Ijumaa. Ijumaa ile ile aliyoahidi. Watu walijaa uani kwa Bi Mbeyu, na wengi wao ndio waliompigia kelele barazani. Kabla jeneza halijainuliwa, Kenga alisimama, mkono umefungwa bandeji. Akawaambia yote. Akawaambia habari ya mchanga, na ya viganja, na ya kwamba wale watu hawakutupwa, walizikwa na waliowapenda. Akasema, "Hili ndilo alilotaka kuwaambia leo." Mwanamume mmoja mtu mzima alikaa chini palepale kwenye udongo.

Bi Mbeyu akainuka. Akateremka pwani, hatua chache tu kutoka kwake, akarudi na mchanga mweupe viganjani. Akaumimina katika leso yake, akampa Kenga aende nao kaburini. Wanawake wakamfuata, mmoja mmoja, pwani na kurudi. Leso ikawa nzito. Mwisho kabisa akatokea Esha, mama yake Swabir, mchanga umejaa viganja, mwingine unamwagika. Hakuna aliyempisha. Mtu akasema kwa sauti, "Huyu naye!"

Bi Mbeyu ndiye aliyesema. Nanukuu maneno yake kama nilivyoyapata. Alisema, "Mpisheni mdogo wangu. Mnaniambia ni kadari. Sawa, ni kadari. Lakini panga lina mpini, na mpini ulishikwa na mkono, na mkono huo si wa Esha." Esha akaumimina mchanga wake, akaanguka miguuni pa dadake. Walilia pamoja. Mimi naambiwa hata leo wanapika chungu kimoja.

Kwako Bi Mbeyu, sisi sote wa idhaa hii tunakupa pole. Kwako Bi Esha pia, pole, kwa maana nawe umepoteza mtoto. Kenga, pole ndugu yangu, na mkono upone. Mwenyezi Mungu amrehemu Twaiba, amlaze pema. Jaa la Munje limezungushiwa uzio, na wale watu wamefunikwa tena, mahali pao, na mchanga wao.

Nawe uliyenisikiliza, nakuomba jambo moja. Ukiletewa neno ambalo fulani kalisema, umwendee fulani mwenyewe umuulize, kabla mkono wako haujashika kitu. Miaka elfu ijayo mtu atapiga magoti Munje na brashi yake. Atakuta mfupa wa mkono uliovunjika mahali pale pale. Na juu yake, katika udongo mwekundu, atakuta mchanga mweupe wa pwani. Atajua kwamba vyote viwili tulivifanya sisi.