Bi Ruqiya Nunow na Mstari wa Pili wa Masalani

Kwa heshima zote na huzuni ya kiasi, wafanyakazi wa Shirika la Malisho na Maji, makao ya Garissa, wanatangaza kwamba kiti chekundu cha chumba cha redio, kile chenye mto wa sufi na mguu uliofungwa waya, kiko wazi. Maombi ya kukikalia yameanza kuletwa, mengine kwa maandishi. Kamati itaketi, kwenye viti vingine, na kutoa uamuzi.

Kiti kiko wazi kwa sababu mwenyewe, Bi Ruqiya Nunow, anastaafu tarehe 31 Desemba 1999 baada ya kulitumikia shirika hili kwa miaka ishirini na mitano. Kamati ya sherehe ilitafuta mwandishi aliyefanya naye kazi muda mrefu na anayeelewa mitambo. Ilimpata mwenye sifa ya kwanza, ikachoka kumtafuta mwenye ya pili. Ndiyo maana mnasomewa na mtunza stoo. Ninachokijua kwa hakika kuhusu kompyuta ni kwamba haipendi vumbi, na sisi tuko Garissa.

Bi Ruqiya alianza kazi akiwa msichana, kwenye mitambo ya simu ya posta, akichomeka waya hapa na kuuchomoa pale. Alijiunga nasi mwaka 1974, shirika likiwa na lori moja, redio moja na mkurugenzi aliyeendesha lori. Kutoka chumba kile kidogo amezungumza na Bura, na Dadaab, na Masalani, na hata Banissa, ambako sauti hufika imekonda kwa safari. Waendeshaji wote aliwajua kwa pumzi zao, na wote aliwaita walaal, yaani ndugu. Siku moja wa Banissa alibonyeza kidude tu, hajasema neno, akaambiwa, "Una mafua wewe, walaal. Kunywa chai ya tangawizi, halafu uniambie habari ya mvua."

Na adabu! Hapa kwetu mtu akikupa habari humwachi aseme peke yake kama mwehu. Kila baada ya maneno machache unamwitikia "haa", naye anajua masikio yako bado yapo. Bi Ruqiya ndiye bingwa wa kuitikia katika mkoa mzima. Ukimsimulia jambo unajiona mtu muhimu, hata kama unamsimulia kwamba panya wameingia kwenye mahindi.

Mwaka 1995 alipelekwa Nairobi kusomea kompyuta. Alirudi na mashine imefungwa blanketi, ameipakata kiti cha mbele cha lori. Mimi nilikaa nyuma na mbuzi. Nilipolalamika, akasema, "Dayib, wewe ukivunjika mfupa tunajua pa kukupeleka. Hii ikivunjika, je?"

Ndipo alipokuja Golicha, injinia wetu kutoka Wajir, kijana wa maneno machache na madaftari mengi. Yeye ndiye aliyeziunganisha kompyuta na redio zetu. Mtu akiandika barua Masalani, mashine yake inaigeuza kuwa mlio, mlio unapita hewani, na mashine ya Garissa inaugeuza kuwa maneno na kuyachapa mstari kwa mstari. Redio ilikuwa ile ile moja ya kuzungumzia, na masafa yale yale. Golicha alituambia sote kwamba kwenye redio ya namna hii wawili hawawezi kusema kwa wakati mmoja, wakisema pamoja hasikiki hata mmoja. Tuliitikia kwa vichwa.

Mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuiambia ifanye nini, ulikuwa wa bure, na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoutengeneza, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadilisha. Hilo mpaka leo limenishinda. Nani anakupa gari, halafu anakupa na spana, halafu anakuomba umwambie likikusumbua?

Basi, mwishoni mwa 1997 mvua ikaja isiyojua kurudi kwao. Mto Tana ukatoka kitandani. Barabara ya Masalani ikawa ziwa, na simu huko haikuwa ikifika hata siku za kiangazi. Karani wetu wa kule, Abdinur, akabaki na redio ambayo kinasa sauti chake kimeingia maji. Alitusikia, lakini hakuweza kutujibu kwa sauti. Iliyokuwa hai ni ile kompyuta yake, juu ya betri ya trekta.

Tuliazimwa ndege ndogo, safari moja tu, anga likifunguka. Rubani alikuwa tayari kiwanjani. Swali likawa ndege ibebe nini. Bi Ruqiya akamwambia Abdinur kwa sauti, "Andika, walaal, andika mnahitaji nini." Mashine ya kuchapa ikaanza kukwaruza. Ukatoka mstari mmoja:

"Asalaam aleikum. Hali ni mbaya, watu wengi wako hatarini, tunaomba mtuletee haraka"

Ukakatika hapo. Haraka nini? Tukangoja. Baada ya muda ukaja mstari ule ule, ukakatika pale pale. Ukaja tena. Ukutani tukawa na karatasi ndefu inayotuomba haraka, haraka, haraka, isiyosema kitu.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mkurugenzi alisema ni mablanketi. Hamze dereva alisema ni mashua. Mimi nilisema ni unga, kwa sababu unga ndio niliokuwa nao, nikaanza kuupakia.

Golicha alisema ni hitilafu, nayo imo ndani ya msimbo wa mtandao wa mfumo endeshi. Akauchapa wote, akaja kuutandaza stoo kwangu, juu ya magunia, maana ndiko kulikokuwa na nafasi. Yeye na Bi Ruqiya wakapiga magoti wakiusoma, kalamu mkononi. Kengele ya chumba cha redio ikilia, Bi Ruqiya anatoka mbio kwenda kuona kilichokuja, kisha anarudi na mstari ule ule mkononi na uso umempauka. Abdinur ni mtoto wa jirani yake. Mkewe, Ugbad, Bi Ruqiya ndiye aliyempaka hina siku ya arusi.

"Huyu hapa!" akapaza sauti, kidole kwenye karatasi. "Injinia, njoo umwone mwizi. Mashine hii haina subira hata kidogo."

Golicha akasoma. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. "Eeddo, umempata," akasema; eeddo ni shangazi, na vijana wote humwita hivyo.

Alinieleza mara tatu. Nilielewa mara moja, nayo ni ile niliyoelewa vibaya. Nilivyoambiwa ni hivi: mashine ikituma kipande cha barua, hungoja kuambiwa "nimepata". Ikiona kimya, hutuma tena. Waliouandika msimbo walikuwa watu wa nyaya, ambako jibu hurudi kabla hujapepesa. Redio yetu huchukua muda wa mtu kukuna kichwa. Kwa hiyo mashine hutuma, haijajibiwa, hutuma tena, na jibu likija haijui ni la wito wa kwanza au wa pili. Kwa kuwa haijui, haijifunzi kwamba njia ni ya polepole. Kesho inakuwa na haraka ile ile ya leo.

"Kama Hamze na honi yake," nilisema.

"Hapana," alisema Golicha.

"Kidogo," alisema Bi Ruqiya.

Wakabadilisha msimbo wa mashine yetu, na Bi Ruqiya akamsomea Abdinur hewani badiliko la kuandika kwenye yake, herufi kwa herufi, mabano kwa mabano, asubuhi nzima. Wakazima, wakawasha. Kengele ikalia. Bi Ruqiya akakimbia. Sisi tukamfuata kwa masikio.

Akarudi polepole. Mstari ulikuwa umebadilika, ndiyo. Sasa ulisema:

"Eeddo, tafadhali"

Basi. Hakuna la pili.

Sitaki kusema uongo kwenye karatasi ya sherehe: Bi Ruqiya alilia. Alikaa juu ya gunia langu akasema, "Ananiomba. Mtoto wa watu ananiomba, na mimi simfikii." Golicha akaurudia msimbo tangu ukurasa wa kwanza, akiweka alama hata mahali pasipo na kosa. Kiwanjani rubani akatuma ujumbe kwamba mawingu yamepasuka na yeye ataondoka na chochote kilichomo, na kilichomo kilikuwa unga wangu.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Bi Ruqiya akachukua udhu, akatandika mkeka wake nyuma ya stoo. Kengele ikalia akiwa kwenye sala. Hakugeuka. Tukasikia mashine ya kuchapa ikikwaruza, ikakwaruza, ikazidi kukwaruza. Golicha ndiye aliyeingia, akatoka na karatasi ndefu kama kitambaa cha kilemba.

"Unga upo," ndivyo ulivyosema mstari wa pili. "Watu wanaharisha na kutapika. Leteni dripu, chumvi za kunywa na dawa ya kusafishia maji. Ugbad ni mmoja wao."

Unga wangu ulishushwa ndegeni kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kazini kwetu, tena mkurugenzi akibeba mwenyewe. Dripu zikaruka alasiri ile ile. Ugbad alipona, na wengi pamoja naye.

Makao makuu yalisifu. Taarifa ikaandikwa kwamba Bi Ruqiya na injinia wamerekebisha mfumo endeshi na kuokoa Masalani. Golicha aliwatumia watunzaji wa msimbo ule, ng'ambo, badiliko lao. Wakajibu kwa upole sana kwamba wanashukuru, kwamba kasoro hiyo ipo kweli na wao wanaitengeneza kwa njia nyingine, na kwamba dawa yetu ingewafanya watu wote wenye nyaya wangoje kama walio jangwani. Sisi tulikuwa tumekwishaliona hilo. Tangu siku ile kompyuta ya uhasibu na ya mkurugenzi, zilizoungana kwa waya ukutani, zilikuwa zikisalimiana kwa muda wa chai mbili.

Kwa hayo na mengi yasiyoenea hapa, Bi Ruqiya, tunakushukuru. Umewafundisha vijana wanne kazi ya redio na mzee mmoja wa stoo adabu ya kubisha hodi. Nenda kwa wajukuu, ulale mpaka jua likuchoshe, Mungu akupe afya na majirani wasio na kelele.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini Bi Ruqiya aliposikia kwamba cheti atakachokabidhiwa kimeandikwa "kwa kurekebisha mtandao wa Masalani", alikuja stoo, safari hii bila hodi, akasema hatakipokea mpaka watu wasomewe kilichotokea kweli. Basi ni hiki.

Maji yalipopungua Abdinur alikuja Garissa na Ugbad. Tulimkaribisha chai chumba cha redio, Golicha akaanza kumweleza habari ya mashine isiyo na subira. Abdinur akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Bi Ruqiya, akainamisha macho.

"Eeddo, usinikasirikie. Kila mashine yangu ikifikisha mstari mmoja, wewe unashika kinasa sauti unasema, 'Haa, Abdinur, nakusikia, endelea!' Nakusikia vizuri sana. Lakini ukisema wewe, mashine yangu haipiti. Inangoja, inachoka, inaanza upya. Nayo ikianza upya unaniitikia tena."

Golicha akaweka kikombe chini.

"Na ile 'Eeddo, tafadhali'?" aliuliza Golicha.

"Nilitaka kuandika, 'Eeddo, tafadhali nyamaza kidogo.' Akaniitikia."

Siku za kawaida barua zilikuja mashine iko peke yake, hakuna anayezisubiri. Siku ile ya hatari Bi Ruqiya alikuwa pale kwa kila mstari, akimpa mtu aliye taabuni haki yake ya kujibiwa. Sisi wengine tulikuwa tukibishana, kisha tukawa stoo, tumeinamia karatasi, hatukumsikia. Hitilafu ya msimbo ilikuwepo na waliipata kweli, ila ilichelewesha barua tu. Iliyoizuia ilikuwa adabu. Mstari wa pili ulipita kwa sababu aliyekuwa akiitikia alikuwa kwenye sala.

Golicha aliniuliza kama safari hii nimeelewa. Nilielewa yote.

Ugbad alikuwa wa kwanza kucheka, akamwegemea Bi Ruqiya begani mpaka wote wawili wakafuta machozi. Mkurugenzi, kwa kutaka kumfariji, akasema kwamba hata hivyo ilikuwa ni dua iliyojibiwa.

"Ni kweli," alisema Bi Ruqiya. "Nilimwomba Mungu barua ipite. Akanijibu kwa kuninyamazisha."