Kiti cha Mbele cha Pontiac

Benchi letu si benchi. Ni kiti cha mbele cha Pontiac ya mwaka 1967, kile kirefu cha watu watatu, ambacho Verlin aliking'oa miaka sita iliyopita akakiweka juu ya matofali nje ya gereji yake. Gari lenyewe liliundwa hapahapa mjini kwetu, enzi kiwanda kikitoa moshi. Verlin tunamwita Kesho, maana ukimuuliza gari litatoka lini, jibu ni hilo. Kila Jumamosi asubuhi tunakalia kiti chake, tunakula donati na kahawa ya chupa, na tunamfundisha kazi. Jumamosi ile ya Mei alikuwa amesimama mlangoni na grinda ya kukatia chuma mkononi. Ndani, bodi ilining'inia kwenye minyororo, chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, iko chini uchi, na kwenye turubai imelala miguu mipya, ya gari la kisasa la mbio: shokapu, springi, mikono ya alumini inayong'aa. Ili iingie, chesisi ilibidi ikatwe, na ukishakata hakuna kurudi.

— Ukigusa chuma hicho, mimi na wewe basi, alisema Askofu. Jina lake Cleotis, ila akitetea magari ya zamani utadhani yuko mimbarani. — Gari limezaliwa na chesisi yake, wewe unalikata miguu?

— Miguu gani? aliuliza Profesa. Huyu ni Lubomir, aliyeyajaribu magari ya kiwanda kile miaka thelathini na hachoki kutukumbusha. — Lile ni godoro lenye silinda nane. Likiingia kona linalala kama mlevi.

— Linalala, lakini halianguki!

— Lako lilianguka. Kule ziwani, mpaka kwenye matete.

— Ilikuwa barafu, bwana! Usinizingue.

Kesho hakucheka. Aliweka grinda chini.

— Sikilizeni. Mwezi ujao mimi na Ardith tunatimiza miaka arobaini na sita ya ndoa. Nataka nimzungushe ziwa, madirisha wazi. Mgongo wake tangu apasuliwe hautaki kurushwarushwa. Nataka apite kona zote asijue kama kapita.

— Shemeji anajua? niliuliza.

— Zawadi inatangazwa?

Profesa alisogea mbele. Hata sauti ilimbadilika.

— Atapita, Kesho. Kwa miguu ile unaweka kikombe juu ya dashibodi, unaingia kona kwa maili sitini, halidondoki hata tone.

— Sitini, Kesho alirudia polepole.

— Themanini! Gari linaijua kona kabla yako. Wewe unaiwaza tu, lenyewe limeshapita.

— Na mimi nawaambia chuma kina kumbukumbu, Askofu akadakia. Likate leo, siku moja litafika pale kilipokuwa kiwanda, ligome, lilie.

— Lilie oili?

— Machozi, Profesa. Machozi!

— Hebu fumbeni macho, nawaendesha, Profesa alisema.

Tukafumba, hata Kesho pale mlangoni. Naona aibu kusema, lakini niliisikia injini. Jua lilikuwa usoni, na majani ya jirani yalikuwa yametoka kukatwa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea katika umri huu, tena nimekalia matofali.

— Ziwa hilo hapo kulia, Profesa alinong'ona. Kona inakuja. Ya kulia, ndefu...

Wote tukalalia kushoto. Kahawa ya Askofu ikanimwagikia suruali.

— Msilale! Profesa akafoka. Hili halilali! Kaeni wima!

— Halilali?

Tulifumbua macho. Ardith alikuwa amesimama kwenye nyasi na chupa nyingine ya kahawa. Miaka sita yote alituangalia kwa dirisha la jikoni tu, hakuwahi kufika kijiweni. Aliangalia grinda, akaangalia chesisi, akamwangalia mumewe.

— Karibu, shemeji, nilisema, nikiificha suruali.

— Nilitaka nikushtukize, mama, Kesho alisema.

— Nimeshasikia. Mnaongea kama mko uwanjani. Alikishika kiti kwa nyuma. — Siku ya kwanza uliponipakia gari hili nilikaa kule mwisho, mlangoni, nimekumbatia pochi. Baba alishanionya. Ukakata kona ya ziwani, gari likalala, nikateleza kiti kizima mpaka begani kwako. Ukasema samahani. Halafu ukazunguka ziwa mara nne.

Kesho aliiva mpaka masikio.

— Kwa hiyo nauliza tu. Kwa miguu hiyo mipya, nitateleza?

Profesa, na miaka yake thelathini, aliinama kufunga kamba za viatu. Askofu aliangalia donati yake. Mimi nilimwonea huruma Kesho, maana alikuwa ametumia miaka sita kuiondoa kona ileile iliyompa mke.

Kesho alichomoa waya wa grinda ukutani.

— Inukeni, alituambia.

— Tuende wapi?

— Inukeni kwenye kiti changu.

Tuliinuka, vikombe mkononi. Alikipangusa sukari ya donati kwa kiganja, taratibu. Ardith akakaa mwisho, upande wa mlango. Kesho akakaa upande wa usukani. Katikati palibaki nafasi ya mtu mmoja. Profesa akataka kusema kitu, nikamkanyaga.

Waliangalia barabara. Kisha Ardith, bila kona yoyote, akasogea.