Transista na Mkono Mwingine

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye umeninong'oneza hapo mlangoni kwamba uliwahi kuruka ukuta wa shule ili uje kutusikiliza, nami nikakuahidi sitamwambia mtu. Mkurugenzi wa ukumbi huu pamoja na wafanyakazi wako mliohangaika na viti hivi tangu asubuhi. Mwalimu na wanafunzi wa shule ya muziki. Wanamuziki wenzangu, mliostaafu na mnaokataa kustaafu. Dada yangu mpendwa uliyeketi safu ya mbele. Na ninyi nyote, mabibi na mabwana, mliojaa mpaka kwenye ngazi: nawasalimu kwa heshima na kwa furaha kubwa.

Nimepewa kazi ya kumzungumzia mtu mnayemfahamu. Ninyi mnamwita Transista. Mimi namwita shemeji, kwa sababu alimwoa dada yangu, na kwa miaka thelathini na mmoja nilipiga dramu katika bendi yake. Leo, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, anazindua albamu ya kwanza iliyo yake peke yake. Inaitwa Mkono Mwingine. Wengi mmeniuliza jina hilo lina maana gani. Naomba mnivumilie nieleze tangu mwanzo, maana ndani ya habari hii kuna jambo nililolifanya mimi, sijawahi kulisema hadharani, na bado linanitia aibu.

Jina la Transista hakulipata jukwaani. Alikuwa fundi redio katika duka la mjomba wake, chumba chembamba chenye kaunta iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kuchomelea haikumtoka hata akioga mara mbili. Amplifaya yake ya kwanza aliiunda mwenyewe kwa vipande vya redio tatu mbovu na spika ya gari. Ilikuwa inanguruma hata kabla hajagusa uzi wa gitaa. Alipokuja nyumbani kwetu kujitambulisha, marehemu baba, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu na hakupenda maneno mengi, alimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anatengeneza redio. Baba akamuuliza, na siku ya mapumziko je? Akasema, "Naziharibu, mzee." Baba alicheka mpaka akavua miwani. Nadhani dada yangu aliolewa siku ile, mengine yote yalikuwa makaratasi.

Siku hiyohiyo mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, nina miaka kumi na tisa, nagonga sufuria kwa mwiko kama nilivyozoea. Nikashtuka kumwona mgeni amesimama mlangoni. Hakunisalimu. Alisema tu nisibadilishe mwendo, akaanza kugonga fremu ya mlango kwa vidole, na mapigo yake yakaingia katikati ya mapigo yangu kana kwamba tumefanya mazoezi mwaka mzima. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa nyuma ya dramu katika ghala la saruji, ambako bendi ilifanyia mazoezi wapakiaji wakiwa mapumzikoni. Wenzake hawakufurahi. Walisema roki ni muziki wa nguvu, na huyu ni msichana. Shemeji akawaambia, "Msikilizeni kwanza. Kumtazama mtamtazama baadaye." Tulitoka mle ndani weupe kuanzia nywele hadi viatu, na ndiyo sababu bendi ikaitwa Saruji.

Ndugu zangu, ninyi mlio na umri wangu mnajua yaliyofuata. Albamu nane. Nchi kumi na tisa. Viwanja ambavyo watu walipanda juu ya nguzo za taa ili waone vidole vyake tu. Lakini niwaulize, mliokuwa chini mliona nini? Mliona mtu mrefu amesimama wima, haruki, hatikisi kichwa, havunji kitu, huku gitaa lake likipiga kelele kwa niaba yake. Mimi niliyekaa nyuma niliona bega. Bega la kushoto likipanda kidogo, upana wa kidole kimoja, nilijua anataka kuondoka na wimbo, na kazi yangu ni kuhakikisha akirudi atatukuta. Miaka yote hiyo hatukuwahi kukubaliana lolote kwa mdomo. Na hata leo, nikiwa bibi wa wajukuu wanne, nikikumbuka alivyokuwa akiondoka na kurudi, nywele za mikono hunisimama.

Basi, niliyeyajua mafanikio yake kwa kulitazama bega ndiye niliyeona msiba wake kabla ya wengine.

Ilikuwa tamasha la mchana, uwanjani, jua kali, maelfu ya watu. Bega likapanda, nikamfungulia njia, naye hakwenda popote. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja kama vya mtoto mchanga. Mwimbaji wetu alidhani waya umekatika, akaruka na kuanza ubeti upya, watu wakashangilia. Shemeji akasema ni uchovu. Onyesho lililofuata vikajikunja tena. Akaanza kukwepa nyimbo ngumu, akabadilisha gitaa, akabadilisha nyuzi, akasingizia baridi. Daktari alimpima wiki nzima, akamweleza kwamba mkono ni mzima kabisa: unashika kikombe, unafunga vifungo, unaandika jina. Uligoma sehemu moja tu, nayo ni shingo ya gitaa. Ubongo, alisema, umechanganya amri zake kwa sababu ya kurudia jambo lilelile miaka arobaini, na dawa ya uhakika haipo.

Tuliita kikao ghalani. Wanaume watatu wakatazama sakafu. Kila mmoja alilijua neno lililotakiwa kusemwa na hakuna aliyetaka kulisema, ndipo nikalisema mimi, shemeji yake, niliyetolewa jikoni na yeye. Nilisema, "Shemeji, mkono umekwisha. Tuishie hapa, kabla watu hawajaanza kukucheka."

Nilijiambia kwamba nimesema kwa upendo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo nasema ukweli mbele yako: niliogopa watanicheka na mimi. Shemeji aliinuka. Alilaza gitaa kwenye sanduku lake, akafunga vibano kimoja kimoja, akatoka. Bendi ikafa siku ile. Kwa miaka miwili hatukuzungumza. Nikifika kwao alikuwa akinikaribisha kwa adabu, akinivutia kiti, kisha anakwenda chumba cha pili. Dada yangu alikaa kati yetu akishona nguo za wateja, na hakuwahi hata siku moja kuniuliza nilisema nini, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Halafu, siku moja, dada akanipigia simu. Akanitajia shule ya muziki, akaniambia niende Alhamisi saa kumi, nisimame nje ya dirisha la darasa la tatu, nisiingie.

Nilikwenda. Lilikuwa darasa la watu wazima wanaoanza. Palikuwa na mkunga aliyekuja na sare yake ya kazi, karani wa benki, fundi wa matairi, na mwanamke mmoja aliyetaka kumshangaza mumewe siku ya kumbukumbu ya ndoa. Kwenye kiti cha mwisho, magoti yakiwa juu kwa sababu kiti kilikuwa kifupi, alikaa Transista. Gitaa lake lilikuwa limegeuzwa, nyuzi zimepangwa upya kinyume. Mkono wa kulia, uliocharaza miaka arobaini, sasa ndio uliobonyeza. Wa kushoto ulijifunza kucharaza. Mwalimu, binti wa miaka ishirini na minne, hakumjua huyu ni nani. Akaenda pale kwake, akamrekebisha kidole gumba, akamwambia, "Mzee, usiibane shingo hivyo, gitaa halikimbii."

Naye akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Wapendwa, mtu huyu aliwahi kusimamisha pumzi za uwanja mzima kwa uzi mmoja. Na nilimwona pale, kwa macho yangu haya, akipiga sauti tano za kitabu cha wanaoanza, akakosea ya nne, akarudi mwanzo, akakosea ya nne, akarudi mwanzo. Fundi wa matairi alikuwa amemzidi mbali. Hakuna aliyecheka. Nilishika chuma cha dirisha nikajikuta siwezi kuondoka. Nimeona viwanja vikijaa, nimeona watu wakizimia kwa ajili ya muziki wetu, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama mzee yule akirudi mwanzo.

Mwalimu, najua uko hapa, na najua unaona haya. Usione. Ripoti yako ya muhula ule dada ameitundika ukutani sebuleni. Umeandika: "Mzee huyu ana bidii, ila apunguze haraka ya kutaka mambo magumu." Katika maisha yake yote hakuna mwandishi wa gazeti aliyemwelewa kwa usahihi huo.

Darasa lilipokwisha alitoka na daftari kwapani, akanikuta ukutani. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

"Ulisema kweli, shemeji," akasema. "Ule mkono ulikuwa umekwisha. Nilikasirika kwa sababu nilijua kabla yako, na sikuwa na ujasiri wa kusema."

Nikalia palepale barabarani, watu wakipita. Akanipa daftari nimshikie ili atafute kitambaa mfukoni, na alipokipata akafutia miwani yake mwenyewe. Kisha akaniambia nije Alhamisi ijayo, wanaanza mazoezi ya vidole vinne.

Kuanzia hapo ilichukua miaka minne zaidi. Kila siku saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, meza ya kulia chakula, yeye upande huu na dada upande ule na cherehani yake. Muulizeni dada akupeni habari ya miaka hiyo. Aliniambia mimi kwamba amesikiliza wimbo mmoja ukikosewa mpaka akaanza kuupenda ulivyokosewa. Kuna kipindi ambacho shemeji hakupiga hatua yoyote kwa miezi saba. Kuna siku alilifungia gitaa kabatini, na dada akasema vizuri, maana anahitaji nafasi ya vitambaa mezani; baada ya chakula akalitoa tena. Mnafikiri ni mapenzi ya muziki peke yake yanayomfanya mtu avumilie hivyo? Mimi sijui jina la kitu hicho. Najua tu kwamba nimekaa karibu nacho, na kinanifanya nisimame wima.

Albamu hii ilirekodiwa kwa siku kumi na moja katika studio ndogo nyuma ya duka la vyombo vya umeme. Nyimbo ni tisa. Wale wanaosubiri Transista wa zamani, aliyemwaga sauti mia kwa pumzi moja, hawatamsikia. Mkono huu hauna mbio hizo, na hautazipata. Kwa hiyo kila sauti anayoitoa ameichagua. Nilipomsikia siku ya kwanza mle studio, nikiwa nimeshika vijiti vyangu, nilikosa kuingia mahali pangu. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kukosa kuingia.

Katika wimbo wa sita mtasikia kidole kikiteleza. Sauti inayumba, inakaribia kuanguka, halafu inashika. Fundi mitambo alisema anaweza kuliondoa kosa lile mara moja. Shemeji akaomba alisikie. Akalisikiliza mara tatu, macho yamefumbwa.

"Liache," akasema.

Fundi akamwambia watu watajua amekosea.

"Wajue. Nilikosea, nikaendelea."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nilikuwa nimeandika kurasa nyingine mbili za sifa, na zote ni za kweli. Lakini jana mchana shemeji alinipigia simu, na kwa kuwa si mtu wa kupiga simu, nilikaa chini kwanza. Akaniomba kitu kimoja nikifikishe kwenu. Alisema: "Usiwaambie wanihurumie. Waambie wasikilize, na kama muziki ni mbaya, wasipige makofi."

Nimekifikisha. Sasa namwona ameshasimama pale, ameshachomeka waya, na mimi nina kazi ya kufanya upande ule. Nakushukuru, Mheshimiwa, kwa kutupa heshima ya kuwa nasi. Nakushukuru, mwalimu, kwa kidole gumba. Nakushukuru, dada, kwa kuninyamazia miaka miwili na kunipigia simu siku moja. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu kwa muda huu, asanteni sana. Sasa mgeuzieni yeye.