Pélagie Kabanyana, Aliyeshona Paa Tunalokaa Chini Yake Leo

Sikutaka kusoma hii. Niliwaambia watoto wa marehemu wamtafute mwalimu, wao wakasema, "Mama mukubwa, ni wewe ulimujua." Kumjua ni kitu kimoja, kusimama mbele ya watu wote hawa na magoti haya ni kingine. Shule mimi niliionja tu. Daphine, kitinda mimba wake, ameandika nilivyosema, na nimemkataza kuninyooshea maneno. Basi tulieni. Wale wa nyuma, simu mfukoni.

Marehemu Pélagie Kabanyana alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 kule Kichanga, Masisi, nchini Kongo, mtoto wa tano wa mzee Sebagabo na mama Nyirabukara. Wa kwanza ni mimi, Venansiya, aliyeniita Yaya, yaani dada mkubwa, na mgongo uliombeba ni huu, kwa hiyo asinibishie mtu.

Alimaliza shule ya msingi hapo hapo Kichanga, kisha akapelekwa Goma kwa masista kujifunza kushona, 1989 hadi 1991. Masista walilalamika kwamba akipewa shati la kawaida anaweka ndege kwenye mfuko bila kuagizwa. Halafu wateja wakaanza kuuliza shati la ndege liko wapi, masista wakanyamaza.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa huko Goma na Nestor Gatete, muuza jibini, mtu wa kucheka mingi. Mungu aliwapa Astère, Mugisha na huyu Daphine. Vita vilitutoa kwetu, tukafika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Novemba 2008, tukapewa kiwanja hapa Rubondo na shitingi moja, lile turubai jeupe mnalolijua wote. Daphine alizaliwa chini yake. Nestor alitutangulia mwaka 2014, na Pélagie akalea kwa cherehani.

Sasa nieleze hiyo kazi iliyomfikisha mbali. Watu walipoanza kuezeka mabati, shitingi za zamani zikatupwa. Yeye akaziokota. Mpya hakutaka hata ya bure. Alikuja mlangoni kwako, akasema, "Nipe ile ya zamani, lakini uniambie nini ilipita chini yake." Ulichomwambia ndicho alichokishona juu yake kwa nyuzi za rangi: kuzaa, kugombana, kuku aliyetagia kitandani. Kisha akaunganisha shitingi ya huyu na ya yule mpaka ikawa picha moja kubwa. Matundu hakuyaziba, aliyazungushia uzi wa njano tu. Wakubwa wa Kampala wanaita hiyo sanaa ya kisasa. Sisi tulisema Pélagie amefungua duka la matundu. Nikamuuliza, "Fundi gani wewe, unashona pembeni ya tundu?" Akajibu, "Yaya, ni hapo jua lilikuwa linapitia kutuamusha."

Tarehe 15 Oktoba 2016 jirani yetu Gorret alikuwa anaolewa. Picha kubwa ya kwanza ya Pélagie ilikuwa kwenye kamba, inangoja kupelekwa Mbarara kwenye maonyesho. Wingu likaja. Vijana wa harusi wakaona shitingi, na shitingi mvua ikija nani anaomba ruhusa? Wakaifunga juu ya miti, wageni wakaingia chini. Pélagie kurudi kisimani, kamba tupu! Akaenda huko amewaka, mimi nyuma yake na fimbo. Tukakuta watu wanacheza, maji yanadondoka kwenye matundu, bibi harusi amelowa na anacheka. Shangazi yake, Yayeri, ameelekeza kidole juu, anapiga kelele: "Ona, ile ni nyumba yangu! Na yule ni kuku wangu!"

Pélagie akatazama juu.

"Niwapige?" nikamuuliza.

"Ngoja kwanza, Yaya. Kumbe nilikuwa naitundika vibaya."

Tangu siku ile hakuna picha yake iliyopanda ukutani. Hafswah, muuza nyuzi wa Nyamityobora, kule Mbarara, aliyempa ua wa nyumba yake kwa maonyesho ya kwanza, alimuuliza, "Mama Astère, picha iko juu hivyo, watu wataonaje?" Akamjibu, "Watalala." Na Mbarara wakalala! Hafswah alitandika mikeka, wake za wanajeshi wa kambi ya pale wakavua viatu, wakatazama maisha yetu migongo ikiwa chini.

Mwaka 2023 picha ilifika Brussels, kwa mwanawe Astère. Wazungu na Waafrika wa kule walisimama kandokando na glasi zao, wanaogopa kuchafua nguo. Mzee mmoja wa Bukavu akatandika koti lake, akalala, akasinzia kabisa. Mlinzi akataka kumwamsha. Pélagie alikuwa kwenye simu, anaona yote, akapiga kelele mpaka majirani tukatoka nje: "Muache! Huyo peke yake ndiye ameona!"

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana. Alitibiwa Mbarara, akirudi anashona. Alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, asubuhi, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kola yake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanne, na dada mkubwa mwenye nguvu zake. Apate pumziko la amani, na huko aliko wasimpe paa jipya.

Sasa tazameni juu. Hii mnayokaa chini yake ndiyo picha yake ya mwisho, inangojwa Kampala mwezi wa kwanza. Upande wa mashariki bado uko wazi, pale jua linapompiga padri. Watu wa maonyesho walisema wataleta msanii aumalize. Nimewakatalia, kwa sababu Pélagie alinishika mkono akasema, "Usiite msanii, Yaya. Ita wenye shitingi." Na ninyi mnazo, msinidanganye. Najua nani anafunikia kuni, nani anafunikia choo.

Tukishamzika, kila nyumba ilete kipande, ikae na Daphine imwambie nini kilipita chini yake, kisha ishone yenyewe. Hata ukishona vibaya. Nyuzi ametoa Hafswah. Sufuria za chakula nimezikalia mimi, na sitainuka mpaka upande ule ufungwe.