Maisha ya Mama Picha, Mpiga Picha wa Mvuani

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Picha, alizaliwa tarehe 22 Juni 1954 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa na mama yake alikuwa mshonaji. Mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alibebwa mgongoni na dada yake huyo mpaka akaota meno, na hadi mwaka huu alikuwa bado anakumbushwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1962 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1972. Hesabu zilimpiga chenga, ila jiografia na uchoraji alivipenda sana. Alikuwa hamung'unyi maneno. Siku moja mkaguzi aliingia darasani akauliza kama mwalimu hufika kwa wakati. Wenzake waliinamisha vichwa, yeye akanyoosha mkono: "Anafika, bwana mkaguzi. Ila Ijumaa hapana." Mwalimu huyo alikuja kuwa rafiki wa familia, na Ijumaa akawa anafika.

Februari 1973 aliajiriwa katika studio ya picha iliyokuwa mkabala na posta. Kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa ndani ya chumba cha giza, kusafisha filamu na kuanika picha kwenye kamba. Kamera hakuruhusiwa kuigusa. Mwenye studio alikuwa mtu wa masharti, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba mvua ikinyesha, kamera haitoki nje.

Jumamosi ya tarehe 8 Mei 1976 mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bwana harusi aliingia studio amelowa chapachapa, suti imemganda mwilini, akaomba mpiga picha wake aje. Mwenye studio akakataa katakata. Bwana harusi alisimama pale mlangoni akitiririka maji, hajui arudi kwa mkewe na maneno gani. Ndipo marehemu akatoka chumba cha giza na kusema, "Nipe ile kamera ya zamani. Ikiharibika, nifukuze." Aliivisha mfuko wa nailoni wa mkate, akautoboa mbele kwa ajili ya lenzi, akaufunga kwa mpira, akaondoka.

Kati ya picha thelathini na sita, tisa tu ndizo zilizotoka. Nyingine zilikuwa ukungu mtupu, kwa sababu alipumulia lenzi na hakukumbuka kuifuta. Lakini katika hizo tisa bibi harusi amesimama barazani, ameinua gauni, viatu ameshika mkononi, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana, na nyuma yake mvua inaonekana tone kwa tone. Mwenye studio alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nani kakufundisha kupiga picha kwenye maji?" Akajibiwa, "Hakuna. Niliona mvua haionekani mbele ya ukuta mweupe, nikamhamishia bibi harusi kwenye mlango mweusi." Jumatatu yake alikabidhiwa kamera, na sharti la kwanza likafutwa.

Tangu hapo alijifunza mvua kama mtu anavyojifunza tabia za jirani. Alijua kwamba dakika chache kabla haijakatika, mawingu hupasuka upande mmoja na mwanga huingia kwa chini, na hapo ndipo pa kupiga. Alibeba vitambaa vitatu vya pamba, kimoja cha lenzi, kimoja cha mikono, na cha tatu hakuna aliyeruhusiwa kukigusa mpaka vile viwili vilowe.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na fundi wa mabati, ambaye yupo hapa nasi. Siku hiyo jua lilikuwa kali, na bibi harusi alilalamika kutwa nzima kwamba picha zake zitakuwa bapa kama karatasi ya matangazo. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji yetu huyu alimshikia mwavuli kazini kila alipopata nafasi. Wenzake wakimtania kwamba ameolewa yeye, akawa anajibu, "Nimeolewa pazuri, nyie je?"

Mwaka 1985 aliingia katika idara ya mitaro na barabara, kupiga picha za kumbukumbu. Alikuta mafaili yamejaa picha za mitaro iliyopigwa kiangazi, mikavu na safi. Alimwambia mhandisi wake, "Hapa umepiga picha ya saruji tu. Maji yenyewe yako wapi?" Tangu siku hiyo, ikianza kunyesha, wafanyakazi wote wakikimbilia ndani, yeye alivaa buti akatoka.

Aprili 1997 alipangiwa ukuta mrefu wa kuzuia udongo uliokuwa nyuma ya shule ya msingi. Aliupiga picha katika mvua tatu tofauti, akisimama palepale, saa ileile. Alipozipanga mezani aliona kwamba yale matundu ya chini yaliyowekwa kutolea maji yalikuwa makavu, yameziba, na maji yalikuwa yanachuruzika katikati ya ukuta. Katika picha ya tatu ukuta ulikuwa umelalia mbele, umeficha pembe ya dirisha iliyoonekana katika picha ya kwanza. Mkuu wa idara alimwambia alete ripoti, si picha. Yeye alizibeba picha zake chini ya koti akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu, mama mmoja asiye na maneno mengi, alizitazama mara mbili, akauliza, "Una hakika?"

"Kwamba ukuta unasogea, ndiyo. Kwamba utaanguka lini, sijui."

Jumatatu tarehe 5 Mei madarasa mawili yaliyokuwa chini ya ukuta yalihamishiwa bwalo la chakula, watoto sitini na wanane wamebanana kwenye mabenchi. Kwa siku tisa hakikutokea kitu. Wazazi walikuja juu, na marehemu akaandikiwa barua ya onyo ofisini kwake. Hamu ya kula ilimwisha. Mumewe alimuuliza, "Na usipoanguka?" Akasema, "Nitaenda kuwaomba radhi wote, mmoja mmoja. Afadhali hiyo."

Jumatano tarehe 14, saa nne asubuhi, ukuta ulianguka. Ulifunika madarasa yote mawili mpaka kwenye madirisha. Ndani hamkuwa na mtu. Marehemu alifika mbio kutoka barabara ya pili, mvua ikimpiga, kamera shingoni, akamkuta mwalimu mkuu bwaloni anahesabu watoto. Wakahesabu pamoja mara tatu, na mara zote tatu walikuwa sitini na wanane. Watu wengi wamemwomba picha ya siku ile. Haipo. Hakupiga hata moja, na hakuwahi kujutia hilo.

Alistaafu Juni 2014. Septemba 2019 alipata kiharusi kilichodhoofisha mkono wake wa kulia. Alifanya mazoezi mwaka mzima, akaweza kubonyeza kamera kwa kidole gumba cha kushoto, ingawa alikiri picha zake zilikuwa zinaenda upande. Oktoba mwaka huu figo zilianza kushindwa, akalazwa tarehe 19. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, mumewe alichelewa kufika wodini kwa sababu lifti ilikuwa mbovu na alipanda ngazi polepole. Alipoketi, marehemu alimtazama vizuri akamwambia, "Leo umenyoa ukapendeza." Akafumba macho kupumzika. Saa tatu na robo daktari alithibitisha kwamba ametutoka, akiwa na umri wa miaka 69.

Ameacha mume, binti wawili na mtoto wa kiume mmoja, wakwe watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, dada wawili, mdogo wake huyu mmoja, na shangazi yetu mwenye miaka tisini na mmoja ambaye ameagiza asilazimishwe kukaa kwenye kiti.

Dada, umefanya kazi, umechoka. Pumzika, na usingizi wako uwe mwema.